Mkebe wa Pili Juu ya Jiko

Nyinyi vijana mnaowasha gesi kwa kidole, kaeni chini msome. Sikuandika haya ili mniambie pole. Nimeandika kwa sababu nimeona jinsi mnavyopanga vitu jikoni kwenu na roho yangu haikai. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkifika mahali nimeandika kama ninavyoongea, someni hivyo hivyo mwendelee. Kazi yangu ilikuwa kupika. Nimepikia watu Nairobi tangu usichana wangu hadi magoti yaliponikatalia kusimama, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa huku huku Eastlands.

Siku ya kwanza nilipelekwa na binamu yangu katika hoteli moja ya Eastleigh, zile zilizokuwa chini ya nyumba za kulala wageni, ambako wasafiri walikula kabla ya kupanda basi. Nilidhani nitapewa mwiko. Nilipewa sinia na gunia la maharagwe, nikaonyeshwa kigoda karibu na mlango. Kuchambua ndiyo kazi ya kwanza ya jikoni: unamwaga maharagwe kidogo kwenye sinia, unayasogeza kwa vidole, unatoa mawe, vijiti na yale yaliyotobolewa na wadudu. Aliyekuwa juu yetu tulimwita Mpishi Mkuu, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na hakuna mtu aliyewahi kumwona amekaa. Alikuja akasimama nyuma yangu.

"Umetoka wapi?"

"Machakos, mzee."

"Huko Machakos hakuna mawe?"

"Yako mengi."

"Basi mbona huyajui ukiyaona?" Akaokota kijiwe kwenye sinia nililokuwa nimemaliza, akakiweka katikati ya kiganja changu. "Hili ni jino la mtu. Rudia."

Nikarudia. Nilichambua maharagwe kwa muda mrefu sana kabla ya kuruhusiwa kuteleka, yaani kuweka sufuria motoni, na nilikaa zaidi kabla ya kuruhusiwa kuepua, kwa sababu sufuria ya hoteli ikiwa imejaa inaweza kukumwagikia na kukuacha bila ngozi. Mpishi Mkuu hakunisifu hata siku moja. Siku aliyoacha kunifokea nilijua nimekuwa mpishi.

Hapo ndipo nilipojifunza magadi ya kupikia watu wengi. Nyumbani nilikuwa nimeyaona, mama yangu akitia kwenye isyo, ambayo Wakikuyu wanaita githeri na sasa nyinyi wote mnaita githeri. Magadi ni mawe meupe yenye kijivu yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Tuliyasaga kwa chupa yakawa unga. Ukitia kidogo ndani ya mahindi na maharagwe makavu, maganda yanalainika upesi na makaa hayaishi bure. Ukizidisha, chakula kinakuwa na utelezi wa sabuni. Hakuna mpishi niliyemjua aliyepima magadi kwa kijiko. Unapima kwa vidole, na ukishazoea huangalii, mkono unapanda wenyewe na kushuka wenyewe huku macho yako yako kwenye moto. Tena magadi yana tabia ya kunywa unyevu. Ukiyaacha chini, kesho ni tope. Kwa hiyo katika kila jiko nililofanyia kazi, magadi yalikaa kwenye rafu juu ya moto, ndani ya mkebe usiofunikwa, ili joto liyakaushe.

Kutoka Eastleigh nilikwenda kupika kwenye kantini ya karakana ya mafundi wa mbao, kando ya Jogoo Road. Mkubwa wa pale alikuwa Fomani, mtu wa maneno mengi. Siku moja aligonga ugali wangu kwa kijiko mbele ya mafundi wote.

"Mama Ndunge, huu naweza kutengenezea kiti."

"Tengeneza," nikamwambia, "lakini ukishakikalia usirudi hapa kuomba mwingine."

Mafundi walicheka mpaka wakaacha kula, na Fomani akarudi kuomba mwingine. Nilikaa pale vizuri. Niliondoka kwa sababu karakana ilihamishwa, na ndivyo nilivyofika kwenye nasari, shule ya watoto wadogo.

Nasari hiyo ilikuwa ndani ya ukumbi wa mtaa, upande wa Makadara, na ilisimamiwa na kamati ya wazazi. Wazazi wengi walikuwa vibarua na wauzaji wa sokoni, watu wa kutoka nyumbani alfajiri, kwa hiyo kamati iliamua watoto wapewe uji asubuhi na chakula mchana. Tulikuwa wapishi wawili. Mimi nilimkuta mwenzangu tayari yuko hapo, na jina lake ni Mama Njeri. Yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mama Njeri alitoka Murang'a. Mumewe alikuwa amekufa na kumwachia watoto wanne katika chumba kimoja. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na mtaa mzima ulijua mkono wake. Kukiwa na harusi, alifuatwa yeye. Kukiwa na matanga, wanawake wengine walikata vitunguu wakingoja Mama Njeri aje aseme nani ateleke nini. Siku za kazi alipika nasari, Jumamosi alipikia shughuli za watu, akarudi nyumbani na nyama ya watoto na kitambaa cha nguo. Wengine wana shamba. Yeye alikuwa na ule mkono.

"Nyinyi Wakamba," aliniambia siku ya kwanza, "mnapika isyo kama mnaogopa kuamsha maharagwe."

"Na nyinyi mnaiponda mpaka haijulikani ilikuwa nini."

"Ponda nawe uone kama utabakiza." Akanipa mchi.

Tulielewana tangu hapo.

Jiko la nasari lilikuwa chumba kirefu nyuma ya ukumbi, na meko mawili ya kuni yaliyojengwa kwa saruji. Moshi ulikuwa mwingi, na mende walikuwa wengi kuliko moshi. Mchana huwaoni, lakini ukisogeza gunia wanamwagika. Ijumaa moja Mwalimu Mkuu wa nasari, mama mrefu wa miwani ambaye hakupenda maneno ya kuzunguka, alituita pamoja na mtunza ukumbi, mzee wa Kitui tuliyemwita Keateka.

"Bwana Afya anakuja kukagua jiko wiki ijayo," akasema. "Akiwaona mende hawa atatufungia. Keateka, utawamaliza?"

"Nitawamaliza, Mwalimu. Kuna dawa inauzwa pale sokoni."

Mama Njeri akasema, "Ukiwamaliza wote sisi tutasengenya na nani?"

Keateka akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Dawa yenyewe ilikuwa unga mweupe. Wachuuzi waliuza kwa kupima, wakaifunga kwenye kipande cha gazeti, haina jina wala picha ya fuvu. Keateka aliinyunyiza Ijumaa hiyo tulipokuwa tumekwenda nyumbani. Jumamosi akarudi, akafagia mende waliokufa, akaosha sakafu kwa sabuni na kupanga magunia upya. Alikuwa mtu msafi. Dawa ilibaki, naye akafikiri kwamba mende hawaishi kwa mara moja na ile iliyobaki itahitajika. Akaona imeanza kushikana kwa unyevu. Akachukua mkebe mtupu wa maziwa ya unga, tuliyokuwa tukitilia uji wa watoto, akamimina dawa humo, akaupandisha kwenye rafu ya juu ya moto ili ikauke. Hapo hapo palikuwa na mkebe wetu wa magadi, na huo nao ulikuwa wa maziwa ya unga.

Hakuna jambo lingine alilofanya yule mzee. Alitaka kitu cha kamati kisiharibike.

Jumatatu alitungoja mlangoni. "Nimewazika wote," akasema. Tukamshukuru, tukaingia, tukaona jiko linang'aa. Hakutaja dawa iliyobaki, na sijui kama aliona ina haja ya kutajwa. Tukateleka githeri. Ilipoanza kuchemka, Mwalimu Mkuu akanituma sokoni kuchukua kabichi. Nilimwacha Mama Njeri ameinama akichochea kuni mbichi, moshi umejaa chumba, machozi yanamtoka, anaimba wimbo wa kanisani kwa Kikikuyu kama kawaida yake. Huo wimbo sikuusikia tena kutoka kwake.

Nasari ina kelele zake, na mtu anayefanya kazi pale anazijua. Kuna kelele za kugombania bembea na kelele za kuimba. Nilichelewa sokoni, na niliporudi na kabichi kichwani, watoto wakiwa wameshakula, nikasikia kilio ambacho sikukijua. Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye veranda ameshika mtoto kila mkono.

"Wanatapika," akaniambia. "Mama Ndunge, wote wanatapika."

Mama Njeri alikuwa amekaa sakafuni mlangoni mwa jiko, ameshika tumbo. "Nilionja," akasema. "Niliona kama chumvi imezidi, nikaongeza maji. Mimi nilionja wa kwanza." Akalirudia neno hilo mara nyingi, mpaka naye akaanza kutapika.

Mwalimu Mkuu alitoka akasimama katikati ya barabara. Gari la kwanza kufika lilikuwa la mkate. Dereva akatoa kichwa.

"Mwalimu, hii ni mikate ya watu."

"Itoe."

Dereva akawatazama watoto, akashuka, akaanza kuitoa mikate na kuipanga kando ya barabara. Tukawapakia watoto pale ilipokuwa.

Kati yao alikuwa Kioko, mtoto wa jirani yangu. Mama Kioko na mimi tulikaa ploti moja, milango inatazamana. Alifua nguo za watu mbali, upande wa pili wa mji, akatoka kabla ya mapambazuko, na mara nyingi mtoto alifika nasari hajatia kitu mdomoni. Mama Njeri alijua. Kila siku alimwekea Kioko sahani ya pili pembeni, akaifunika isipoe, na siku hiyo pia alimwekea. Mtoto huyo alikuwa hakatai chakula.

Hospitalini daktari wa zamu aliinama juu ya Mama Njeri, aliyelazwa kwenye machela.

"Mama, ulitia nini kwenye hicho chakula?"

"Mahindi, maharagwe, kitunguu, chumvi, magadi."

"Magadi gani?"

"Magadi tu, daktari. Ya kila siku."

Daktari akaniambia mimi na Mwalimu Mkuu turudi jikoni tumletee kila kilichokuwamo. Tukamkuta Keateka amesimama mbele ya meko, anatazama juu. Mikebe miwili ilikuwa imekaa kwenye rafu kama mapacha. Akaishusha mmoja mmoja. Wa magadi ulikuwa umejaa kama tulivyouacha Ijumaa. Wa pili akauinamisha ili tuone ndani.

"Huu niliuacha umefika hapa," akasema, akiweka kidole kwenye ubavu wa mkebe. Unga uliobaki ulikuwa chini sana ya kidole hicho.

"Uliuweka hapo kwa nini?" Mwalimu Mkuu akamuuliza.

"Isilowe."

Keateka akavua kofia, akakaa juu ya gunia la mahindi, na hakuondoka hapo mpaka alipoondoka mwenyewe kwenda kituo cha polisi kueleza.

Kioko alikufa kabla mama yake hajapata habari. Mama Kioko alirudi kutoka kazini akitembea na kipande cha mandazi alichomwekea, akamkuta kila mtu wa ploti amesimama nje. Watoto wengine wote walipona, wakarudi makwao mmoja mmoja. Mama Njeri naye alipona. Mara nyingi nimefikiri kwamba angekuwa ameugua zaidi kidogo tu, watu wangemhurumia.

Kesi ilisikizwa, na ikasemwa kwamba hakuna aliyekusudia. Keateka alirudi Kitui, na mtaani hakuonekana tena. Kamati ilifunga jiko, watoto wakawa wanakuja na uji kwenye chupa. Mimi nilidhani yamekwisha, kwa maana ya sheria. Kumbe mtaa una sheria yake.

Nilianza kuiona kwenye matanga ya Kioko. Wanawake wa ploti tulikuwa tumekusanyika kuwapikia waliokuja kuomboleza. Mama Njeri akaja, bado mdhaifu, leso imefungwa kiunoni, akaenda moja kwa moja mahali palipokuwa na sufuria kubwa, kama alivyokuwa akifanya kwenye kila matanga. Alikuwa amekuja kulipa kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Mama Kioko akasimama kutoka kwenye mkeka.

"Wewe chota maji tu," akamwambia.

Hakupaza sauti. Mama Njeri akachukua ndoo, akaenda mferejini, akachota maji mpaka jioni. Hakuna aliyemwambia apumzike, na mimi niliyekuwa rafiki yake nilijua kwamba mtu hawezi kubishana na mama aliyefiwa mbele ya maiti ya mtoto wake.

Tangu hapo alikuwa wa maji na wa kuosha. Harusi zikija, aliitwa kwa adabu: "Mama Njeri, kuna masufuria ya kusugua." Siku moja kwenye harusi alishika mwiko kumsaidia mtu aliyechoka, na dada mmoja akasema kwa sauti, "Leo unatutilia nini, tuanze kutubu?" Watu wakacheka. Mama Njeri akauweka mwiko chini taratibu, kama mtu aliyeshika cha moto. Watoto wa mtaani walimpa jina, Mama Mende. Walikuwa hawajui hata limetoka wapi, waliliokota kwa wakubwa wao. Nyama ya Jumamosi ikakoma. Kijana wake wa kwanza akaacha shule, akaenda kubeba mizigo sokoni.

Mimi nilipata kazi kwenye kantini ya kampuni ya malori, kando ya Outer Ring Road, nikawa mpishi wa kwanza pale. Hapo ndipo nilipohamia Umoja. Mkubwa wetu alikuwa Meneja, mtu mpole, tena mwenye kusali. Nilipohitaji msaidizi nilimwendea.

"Namjua mpishi kunizidi mimi," nikamwambia.

"Nani?"

Nikamtajia. Akafunga kalamu yake. Habari zilikuwa zimefika mpaka huko.

"Mama Ndunge, mimi binafsi sina neno. Lakini madereva wakijua ni yeye, watakula kule nje barabarani, na mimi nitakuwa na kantini ya nini?"

"Ilikuwa ajali, Meneja."

"Najua. Hata mimi najua." Akatazama dirishani. "Anaweza kuosha vyombo?"

Nikameza hilo, nikaenda kumwita. Alikubali siku hiyo hiyo. Aliosha vyombo vya madereva miaka mingi, mimi nikiwa mita chache kutoka kwake nikipika chakula ambacho yeye angekipika vizuri zaidi. Akipita nyuma yangu alijua kwa harufu tu kwamba kitunguu kimezidi kuiva, nami nilijua anajua, lakini hakusema.

Siku moja mpishi mwenzangu hakuja, na mimi nilikuwa na homa. Nikamkabidhi mwiko. "Shika. Leo hakuna mwingine."

Aliusimamia moto vizuri. Alikaanga, akakoroga, akageuza, mkono wake ukiwa ule ule. Lakini nilimtazama na kuona jambo. Kila kitu chenye rangi nyeupe alikipita. Chumvi hakuigusa. Magadi hakuyatazama. Wakati wa kuunga ulipofika, akasimama na mwiko mkononi, akanitazama.

"Tia wewe," akasema.

"Ni chumvi, Mama Njeri. Mimi mwenyewe nimeifungua asubuhi."

"Najua ni chumvi. Tia wewe."

Nikatia.

Mama Kioko alihama, akarudi kwao. Nilikutana naye mara moja tu, sokoni Machakos, nywele zimekuwa nyeupe kabla ya wakati. Tulisalimiana kwa heshima, tukaulizana habari za watu. Kisha akauliza, "Yule, bado anapika?"

"Hapana."

"Vizuri," akasema, akaendelea kuchagua maembe. Sikumlaumu siku hiyo, na simlaumu leo. Aliyebeba mimba ile ni yeye.

Nilistaafu magoti yalipokataa. Meneja alinipa mkono, madereva wakaninunulia blanketi. Siku hizi nakaa hapa Umoja, kwenye nyumba niliyoiongeza vyumba kidogo kidogo, na nina muda mwingi wa kufikiri. Watu wakisikia habari kama hii wanatafuta mwovu, na mimi nimemtafuta miaka yote hii nisimpate. Nimemkuta mzee aliyetaka dawa isilowe, na mpishi ambaye mkono wake ulizoea njia. Kwa hiyo sikilizeni ninavyosema, kwa sababu nyinyi pia si waovu. Nimeona nyumbani kwenu mafuta ya taa yametiwa kwenye chupa ya soda. Nimeona sumu ya panya imefungwa karatasi na kuwekwa karibu na unga wa ngano. Nimeona dawa ya kuzibulia sinki ndani ya kopo la kahawa, na nikiuliza mimi nyanya yenu naambiwa, "Susu, kila mtu hapa anajua." Mgeni hajui. Mtoto hajui. Wewe mwenyewe, siku umechoka na macho yamejaa moshi, hujui. Kitu kisicholiwa kisikae mahali pa kuliwa, na kisitiwe katika chombo kilichowahi kubeba chakula, hata kama umekiosha, hata kama ni kwa siku moja.

Watoto wa Mama Njeri walitawanyika, mmoja Nakuru, wengine sijui, na kile chumba chake cha zamani kikabomolewa. Nikamwambia aje akae nami kwenye chumba cha nyuma. Mwanzoni alifagia na kuosha vyombo, kama aliyeajiriwa. Nikamkataza. Jumamosi moja nikaamka nikakuta ameteleka githeri yeye mwenyewe, bila kuambiwa. Sijui alikuwa amekesha akijishawishi namna gani. Nilikaa kimya chumbani nikasikiliza mwiko ukigusa sufuria.

Mchana familia yangu yote ilikuwa mezani, wanangu, wake zao na wajukuu. Mama Njeri akapakua, akakaa, akatazama sahani za watu badala ya sahani yake. Ilikuwa imeiva vizuri mno, laini, haikupondeka. Haikuwa na chumvi hata chembe. Mjukuu wangu Mutua, kijana wa maneno ya mtaani, akatia kijiko mdomoni na kukirudisha.

"Cucu, hii ni ya wagonjwa ama?" akamwambia Mama Njeri, akimwita nyanya kwa Kikikuyu. "Leteni chumvi bana, hii haiendi."

Mke wa mwanangu akainuka kwenda kuileta. Hakuwa na nia mbaya, mtu yeyote angeinuka. Lakini nilimwona Mama Njeri akiondoa mikono yake juu ya meza na kuificha mapajani. Kisha akasimama, akasema anakwenda kuangalia moto, na moto ulikuwa umezimwa.

Nikamwambia mke wa mwanangu akae. Nikangoja mpaka mlango wa nyuma ukafungwa. Mutua akataka kuuliza, nikamtazama akanyamaza. Basi wengine wenu mlikuwa hapo, na mlitii bila kujua kwa nini. Niliwaambia: "Katika nyumba hii, siku Mama Njeri akipika, mtakula kama kilivyo na mtamaliza. Chumvi isiletwe mezani, na mtu yeyote asiulize iko wapi."